Tope Lililohifadhi Umbo la Ubongo

Mnyama akifa, ubongo hauchukui muda kuoza. Mifupa hubaki, na ndani ya fuvu hubaki uwazi ulimokuwa. Fuvu likilala chini ya bahari, tope laini hujipenyeza kwenye matundu yaliyopitisha mishipa, likajaza uwazi wote, kisha kwa mamilioni ya miaka likawa jiwe. Mfupa ukibanduka, jiwe hutokeza na umbo la chumba kile, mithili ya uji ulioganda ndani ya kifuu cha nazi.

Jiwe la namna hiyo ndilo lililofungua safari ya Tilly Edinger. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1897. Baba yake, Ludwig Edinger, alikuwa bingwa wa kulinganisha bongo za wanyama walio hai. Binti akageukia waliokwisha kutoweka. Mwaka 1921 alichapisha maelezo ya jiwe lililojaza fuvu la Nothosaurus, mtambaazi wa baharini mwenye shingo ndefu na meno yaliyochongoka, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Habari za mawe kama hayo zilikuwa zimetapakaa huku na kule. Edinger alizikusanya, akazipanga, na mwaka 1929 akatoa kitabu kilichoweka msingi wa taaluma nzima. Hoja yake ilikuwa nzito: huwezi kusimulia historia ya ubongo kwa kuwapanga mjusi, mbwa na binadamu wa leo kama ngazi, kwa maana wote hao ni wa leo. Historia isomwe kwenye visukuku, kila kimoja na umri wake.

Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, Edinger, aliyekuwa Myahudi, aliendelea na kazi katika jumba la makumbusho la Senckenberg akiingilia mlango wa pembeni. Kibao chenye jina lake kilikuwa kimeondolewa mlangoni pa ofisi yake. Baada ya mashambulizi dhidi ya Wayahudi ya Novemba 1938, hata mlango huo ulifungwa. Mwaka 1939 alikimbilia London, na mwaka uliofuata akafika Marekani, akapokelewa Chuo Kikuu cha Harvard. Huko aliendelea na utafiti hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1967.

Enzi zake, kuona ndani ya fuvu kulihitaji bahati ya kuliokota jiwe lenyewe, au msumeno. Leo eksirei zenye nguvu hupenya mwamba bila kuugusa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha picha za fuvu la Nothosaurus kutoka Winterswijk, Uholanzi, lililopigwa eksirei mjini Grenoble, Ufaransa. Chumba cha ubongo kilionekana kirefu, chembamba, kimelala bapa kama fuvu lenyewe.

Tahadhari moja haijabadilika. Ubongo wa watambaazi wengi haujazi fuvu. Utando na damu navyo huchukua nafasi. Kwa hiyo tunachopima ni chumba, na mwenye chumba tunamkadiria.

Hata hivyo, mara nyingi chumba hicho ndicho ushahidi pekee tulio nao. Ndiyo maana fuvu la kale likiokotwa, mkono usiharakishe kukwangua udongo uliogandamana ndani yake. Pengine udongo huo ndio wenye habari kuliko mfupa.