Desemba Ndiyo Iliyojenga Madarasa

Ukishika barabara ya Himo kupanda Marangu, ukazunguka Mwika mpaka Rombo, unakutana na shule kila baada ya mwendo mfupi. Kuna za msingi, za kata, za kanisa, na nyingine zimepakana uzio kwa uzio. Wageni huuliza watu wa Kilimanjaro walizipata wapi shule zote hizi, na jibu wanalopewa siku zote ni lilelile: wamisionari na kahawa. Si jibu la uongo, ila kuna kitu limekiruka. Wamisionari walileta ubao na kahawa ikaleta fedha, lakini kuta zenyewe, kwa sehemu kubwa, zilipandishwa katika zile wiki chache kati ya kufunga shule na kufungua. Nimefundisha shule za msingi huku mlimani tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, na sioni haki wiki hizo zipite bila kuandikwa.

Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890. Walutheri kutoka Leipzig walianza Machame mwaka 1893, na mwaka uliofuata wakawa Mamba. Mwalimu na mwinjilisti mara nyingi alikuwa mtu mmoja, na jengo la kusomea ndilo lililosaliwa Jumapili. Kwa hiyo tangu mwanzo shule na kanisa vilichangia paa, benchi na watu, na Krismasi ikawa sikukuu ya vyote viwili.

Kisha kahawa. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao cha wapandaji mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho wazee wetu walikitaja kwa heshima waliyompa mkwe. Kahawa ya kwetu huchumwa kuanzia katikati ya mwaka mpaka Desemba. Ushirika ulilipa kwa awamu: malipo ya kwanza mtu anapopeleka mzigo, mengine baadaye kahawa ikishauzwa. Baba mwenye watoto shuleni alijua kwamba ada ya Januari iko pale uani, imeanikwa kwenye vichanja, na mvua ya vuli ikianza kumwagika nyumba nzima ilikimbia kuifunika. Watoto walijifunza kuitazama mibuni kama sehemu ya shule yao.

Lakini kahawa peke yake isingejenga. Kilichojenga ni sheria ya mfongo.

Mifongo ni mifereji ya maji inayoshuka kutoka msituni kuja vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya nyumbani, na ipo tangu kabla ya Mzungu wa kwanza kuuona mlima. Mfongo hauna mwajiriwa. Ukibomoka, baragumu hupigwa alfajiri na kila nyumba inayokunywa au kumwagilia kutoka mfongo huo hutoa mtu na jembe. Asiyekuja hutozwa faini, na asipolipa anajua zamu yake ya maji inaweza kurukwa. Kazi ya namna hiyo tunaiita msaragambo. Wazee walipotaka darasa, hawakubuni utaratibu mpya. Walichukua ule wa mfongo wakauhamishia shuleni: baragumu lilelile, faini ileile, mzee yuleyule akihesabu nani amekuja na nani hakuja. Wanaume walipasua mawe mtoni. Wanawake waliyabeba pamoja na mchanga, kichwani, kwenye miteremko ambayo hata mtu mikono mitupu huipanda akihema. Fundi pekee ndiye aliyelipwa. Na msaragambo wa shule ulipangwa Desemba kwa sababu inayoeleweka: kahawa imekwisha kuchumwa, watoto wapo nyumbani kusaidia, madarasa ni matupu, na waliotafuta maisha mbali wanarudi.

Hilo la kurudi linajulikana nchi nzima. Kila mwisho wa mwaka magari hujaa kutoka Dar es Salaam kuja Moshi, na watu hutania kwamba jiji limebaki na nafasi. Utani huo husahau kwamba mtu aliyerudi hakuja kula ndafu tu. Alikuja kuulizwa. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa na daftari lake, na mtoto wa kijiji aliyepata kazi bandarini au serikalini alijua jina lake limeandikwa humo hata kabla hajashuka garini.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka huohuo wa 1967, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na kila shule ikatakiwa iwe na mradi wake. Sehemu nyingine walilima pamba au mahindi. Sisi, bila shaka, tulikuwa na kahawa na migomba. Tangu mwaka 1970 shule za misheni zilikuwa zimeingia mikononi mwa serikali kwa Sheria ya Elimu ya 1969, hivyo mchungaji hakuwa tena mwenye shule. Hata hivyo siku ya kufunga watu walikuja kama zamani, na nadhani ndizo zilizokuwa siku bora za kufunga shule nilizoziona, nikiwa mwanafunzi kisha nikiwa mwalimu kijana.

Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mti. Wiki nzima kabla ya hapo tulikuwa tukirudisha vitabu. Kila kitabu kina namba, namba iko kwenye leja ya stoo, na mtoto aliyepoteza chake alikwenda kumleta mzazi. Tulisugua madawati kwa majani ya msasa na maji, tukahesabu yaliyovunjika, tukayapanga pembeni ili fundi wa kijiji ayaone. Siku yenyewe wazazi walikaa kwenye nyasi upande wa juu wa uwanja. Yalisomwa matokeo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Jambo hilo sikulipenda na silipendi hata leo. Mtoto wa mwisho alisimama mbele ya mama yake na kijiji kizima bila kosa lolote ila kusoma polepole, na nilipopata madaraka niliishia kusoma kumi wa kwanza, wengine nikawapa wazazi wao karatasi mkononi.

Baada ya matokeo ndipo lilipokuja lile ambalo wazazi walilisubiri hasa. Mwalimu mkuu alifungua daftari la mradi na kusoma. Kahawa ya shule, kilo kadhaa, daraja fulani, imeuzwa chama cha msingi. Fedha iliyopatikana. Chaki iliyonunuliwa, mipira, bati za kuziba paa la darasa la tano, misumari. Iliyobaki. Watu waliuliza maswali. Mzee ambaye hakujua kusoma angeweza kusema, "Mwalimu, msimu uliopita ulitusomea misumari, na leo misumari tena. Paa lile linakula misumari?" Na mwalimu mkuu, pamoja na suti yake na heshima yake yote, alilazimika kueleza. Hakuna aliyeona kwamba amevunjiwa adabu. Mawe yale waliyabeba wao.

Kisha ikasomwa kazi ya mwaka unaokuja na siku za msaragambo, na mwisho kabisa wakaandikishwa wa darasa la kwanza. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliinua mkono wa kulia, akaupitisha juu ya kichwa, na kama vidole vilifika sikio la kushoto aliandikwa. Wadogo walivuta shingo mpaka machozi yakawatoka.

Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977, wakati mpango wa awali ulilenga 1989. Miaka kumi na miwili ikakatwa kwa mkupuo. Sehemu nyingi za nchi hilo lilikuwa tetemeko. Huku mlimani watoto wengi walikuwa tayari darasani, na tatizo letu lilisimama mlango wa pili: sekondari. Nafasi zilikuwa chache mno, nazo ziligawanywa kwa mikoa ili iliyoachwa nyuma na ukoloni nayo ipate. Nimefikiri sana juu ya mgawo huo, kwa sababu uliwagusa wanafunzi wangu mwenyewe, waliofaulu kwa alama ambazo mkoa mwingine zingewapeleka bwenini. Bado nasema ulikuwa wa haki. Nchi isingeweza kusomeshwa na mlima mmoja. Lakini mzazi mwenye mtoto aliyefaulu na kubaki nyumbani hawezi kulala kwa hoja hiyo, na wazazi wa Kilimanjaro hawakulala. Wakati huo hata ushirika wao haukuwepo, maana vyama vikuu vilifutwa mwaka 1976 na kurudi katikati ya miaka ya themanini. Pamoja na hayo, ilipofika miaka hiyo ya themanini mkoa wetu ulikuwa mbele ya mikoa yote kwa wingi wa sekondari za binafsi, nyingi zikiwa za makanisa na Jumuiya ya Wazazi.

Zilijengwa Desemba. Ibada ikiisha, mnada ulianza nje ya kanisa. Mkungu wa ndizi, jogoo, debe la maharage, chupa ya maziwa. Mtu wa Dar es Salaam alinunua jogoo kwa bei ya mbuzi, kisha akamrudisha mezani auzwe tena, na shemeji yake wa Arusha hakukubali kushindwa. Jogoo mmoja aliweza kulipia mifuko kadhaa ya saruji kabla hajapata mwenyewe. Jioni katibu alisimama kwenye ngazi akasoma: fulani amelipa, fulani ameahidi. Aliyeahidi aliandikwa, na Desemba nyingine alikumbushwa mbele ya watoto wake.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na watu wakaanza kung'oa mibuni. Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo wanaume wa mlimani walikuwa wamelifumbia macho. Kahawa ilikuwa mali ya baba. Ndizi, maziwa na mboga vilikuwa vya mama. Mibuni ilipokoma kulipa, ada haikukoma. Ililipwa kutoka soko la Mwika na la Kiboriloni, kutoka kwenye mikungu iliyobebwa kichwani saa kumi na moja alfajiri. Kule Nronga, Hai, akina mama waliunda ushirika wao wa maziwa, na maziwa yakafika hadi kwa watoto shuleni. Mama yangu aliuza ndizi Mwika, na mimi nilikaa mbele ya ubao kwa ndizi hizo, hivyo sijifanyi kwamba ninasimulia habari hii nikiwa mbali. Mkutano wa Desemba nao ulibadilika. Wanawake waliokuwa wakikaa nyuma, karibu na ukuta, walianza kukaa mbele na kuuliza habari za misumari.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002 ada ya shule ya msingi ilikuwa imeondolewa, na Januari hiyo walikuja hata vijana wenye ndevu za kwanza kuandikishwa darasa la kwanza. Miaka minne baadaye zikaja shule za kata. Watoto waliofaulu darasa la saba walizidi nafasi kwa maelfu, serikali ikaagiza kila kata iwe na sekondari yake, na kuanzia hapo Desemba ya mlimani ikawa Desemba ya nchi nzima: kila mahali matofali, mchanga, wakuu wa wilaya wakikagua misingi, na wanafunzi wa chaguo la pili wakisubiri bati zipigwe. Sehemu nyingine michango ilidaiwa kwa nguvu hadi kuku na mbuzi wa watu wakakamatwa, na hilo liliharibu jambo jema. Sheria ya mfongo ina faini, lakini faini hiyo iliwekwa na wanaokunywa maji yenyewe.

Januari 2016 elimu ilifanywa bila malipo hadi kidato cha nne, na mwishoni mwa 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 katika miezi michache kwa fedha za kukabiliana na UVIKO-19, ili watoto wa Januari 2022 wakae darasani. Nilikwenda kuyatazama yaliyojengwa karibu na kwetu. Ni mazuri, yana madirisha ya vioo, na hakuna mama aliyebebeshwa jiwe. Namshukuru Mungu kwa hilo, nikikumbuka shingo za akina mama wale.

Kinachonisumbua ni daftari. Fedha inapotoka Dodoma kuingia akaunti ya shule, mwenye kuihesabia ni aliyeituma. Mzazi anaona tangazo limebandikwa mlangoni mwa ofisi, anasoma tarakimu, anaondoka. Hakuna anayeuliza kama paa linakula misumari. Siku ya kufunga imekuwa watoto kupewa ripoti na kutawanyika kabla ya saa sita, na wale wanaorudi kwa Krismasi hukuta geti limefungwa, mlinzi peke yake.

Kijijini kwetu tumekubaliana, sisi wastaafu wachache pamoja na kamati ya shule na mwalimu mkuu, ambaye ni kijana mwenye moyo, kuurudisha mkutano. Unakaa kati ya tarehe 27 na 30 Desemba, wakati waliosafiri bado hawajapanda magari ya kurudi. Mwalimu mkuu anasoma ruzuku iliyoingia, iliyotumika na iliyobaki, halafu anakaa kimya watu waulize. Mwaka huu maswali yalichukua muda mrefu kuliko taarifa. Kazi ya kwanza kwenye orodha ni tangi la maji ya mvua, maana paa la madarasa mapya halina gata, na masika huanza Machi.