MAJI YA ZIWA LETU NI YA NANI?

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya masomo ya juu ya diplomasia, kwa kuwa wanafunzi wa kidato cha sita huuliza masomo hayo yana faida gani kwa mtu wa Mara. Nitajibu kwa kueleza habari ya swali moja nililoulizwa darasani, nikashindwa kulijibu.

Nilikuwa Kurasini, Dar es Salaam, katika chuo cha diplomasia kilichoanzishwa mwaka 1978 na serikali za Tanzania na Msumbiji, ambacho siku hizi kinaitwa kwa jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Nilikuwa nachukua stashahada ya uzamili, na nilijiona mjuzi, maana digrii nimekwisha kupata na habari za wakubwa wa dunia nazisoma kila siku gazetini. Siku moja mwalimu wa sheria za kimataifa akaniuliza, "Wewe mtu wa Musoma, maji yanayopiga mawe pale Mwigobero ni ya nani?" Nikajibu upesi, "Ni yetu." Akasema, "Nionyeshe karatasi." Wenzangu wakacheka. Karatasi sikuwa nayo, wala sikujua kama ipo.

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Bunda. Baba alilima pamba, na mwaka wa ukame niliiona ikikauka hali ziwa tunaliona kwa macho. Tulidhani maji hayapandi shambani kwa sababu fedha hakuna. Kweli fedha hazikuwapo. Lakini karatasi nayo ilikuwapo, na shuleni hatukupata kuisikia.

Mwezi Mei 1929, Uingereza na Misri walibadilishana barua mjini Cairo. Walipatana kwamba katika nchi zilizo chini ya Uingereza, isijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme juu ya Mto Nile, wala juu ya maziwa unakotoka, ikiwa itapunguza maji yaendayo Misri, mpaka Misri ikubali kwanza. Ziwa letu ni mojawapo ya maziwa hayo. Hakuna mtu wa Musoma, wala wa Bunda, wala wa Butiama aliyeulizwa.

Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili iliyowekwa na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika tutaishika kwa muda wa miaka miwili. Katika muda huo tutaikagua mmoja mmoja. Tutakaoutaka tutaufanya upya, na usiofanywa upya utakuwa umekwisha, ila ule ambao sheria ya desturi ya mataifa inaudumisha. Mawazo hayo yanafundishwa leo katika vyuo vya sheria duniani kwa jina la Nadharia ya Nyerere, na nchi jirani, kama Uganda na Kenya, zilifuata njia iliyofanana nayo.

Mwalimu alijiuzulu Januari 1962 ili akijenge chama, Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Tarehe 4 Julai 1962 serikali iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mapatano ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Nchi haijatimiza hata mwaka mmoja! Lakini haikutukana mtu. Ilisema iko tayari kuzungumza. Misri haikukubali.

Niliporudi darasani na karatasi yangu nilitembea kwa maringo. Mwalimu akaisoma, akasema, "Vema. Wiki ijayo utaitetea Misri." Nilikasirika, lakini nilifanya. Nikasoma habari za nchi isiyopata mvua ila kidogo sana, ambayo mkulima wake hana maji mengine ila ya mto huo. Nilipokuwa nikisema mbele ya wenzangu nilimkumbuka baba na pamba yake. Haki yetu haikupungua, lakini niliona kwamba ng'ambo ya pili nako yuko baba wa mtu.

Mabishano hayo yamechukua miaka mingi. Februari 1999 nchi za bonde la Nile ziliunda ushirikiano wao hapo Dar es Salaam. Miaka ya 2000 Tanzania ilivuta maji ya ziwa mpaka Shinyanga na Kahama. Mei 2010 mkataba mpya ulifunguliwa kutiwa sahihi Entebbe, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliotia siku ya kwanza. Ulianza kutumika Oktoba 2024, bila sahihi ya Misri wala ya Sudan. Kazi bado ipo, nayo inawangoja ninyi.

Msidhani kuwa mtu huzaliwa nayo. Mwalimu alitoka Butiama mwaka 1934 kwenda kusoma Mwisenge, safari ya maili kama 26. Shahada aliyoipata Edinburgh mwaka 1952 huitwa M.A., lakini kwa desturi ya Scotland hiyo ni shahada ya kwanza. Mambo ya nje aliyasoma kazini, tangu aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini New York mwezi Machi 1955. Dk. Salim naye alikuwa balozi mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22. Shahada ya uzamili ya mambo ya kimataifa aliipata baadaye Chuo Kikuu cha Columbia, hali ni balozi wetu Umoja wa Mataifa. Hakuona aibu kurudi kuwa mwanafunzi.

Basi, vijana, mkienda Mwigobero kununua sato, yatazameni maji yale. Someni historia, jiografia na lugha, hata Kifaransa na Kiarabu. Na atakayewauliza maji ni ya nani, msijibu upesi kama mimi.