Ruta ya Wi-Fi ya nyumbani
Ruta (pia: rauta) ya Wi-Fi ni kifaa kinachopokea intaneti kwa waya au kwa laini ya simu na kuisambaza kwa mawimbi ya redio kwenye simu, kompyuta na televisheni za nyumba.

Uchaguzi hutegemea kwanza jinsi intaneti inavyoingia nyumbani. Katika mitaa ya Jiji la Tanga yenye faiba, ruta huunganishwa na waya huo. Mahali ambapo faiba haijafika huhitajika ruta ya 4G yenye nafasi ya laini, na ni bora isiwe imefungwa kwa kampuni moja tu.

Kuta nazo zina uzito wake. Nyumba za kale za Pangani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tena kwa unene mkubwa. Mawimbi ya gigahetsi 5 yana kasi, lakini hudhoofika upesi yakikutana na ukuta. Yale ya gigahetsi 2.4 hupenya vizuri zaidi. Kwa hiyo ruta yenye masafa yote mawili hufaa zaidi.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi huwadanganya wanunuzi wengi. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hapati zaidi ya hizo, hata ruta iwe ya bei gani. Fedha ya ziada ni afadhali inunue ruta ya pili, iwekwe upande wa pili wa ukuta na kuunganishwa na ya kwanza kwa waya.

Ulinzi uwe WPA2 au WPA3. Ruta nyingi hutumia volti 12, hivyo betri ndogo huziendesha umeme unapokatika.