Kuhama na Kuhamishwa: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza katika Shauri la Ardhi ya Wameru

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo mwanafunzi hufundishwa mapema, na ambavyo hudhani amekwisha kuvimaliza, kimo kitenzi "move". Huambiwa darasani kwamba maana yake ni kusogea au kuhama, naye huandika hivyo katika daftari lake na kuendelea na neno jingine. Lakini maneno mafupi yanayotumika kila siku ndiyo yenye mizizi mirefu. Kitenzi hiki kimebeba maana nyingi kuliko zinazotoshea katika mstari mmoja wa daftari, na historia ya watu wa mlima Meru yaonyesha kwamba tofauti baina ya maana hizo yaweza kuwa tofauti baina ya kuwa na shamba na kutokuwa nalo.

Asili ya neno lenyewe ni Kilatini, "movere", nalo liliingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa cha Wanormandi, walioitwaa Uingereza katika mwaka wa 1066. Jamaa zake wametawanyika duniani. Hata Kiswahili kinaye mmoja, kwani sehemu ya kwanza ya neno motokaa yatoka katika mzizi huohuo. Katika Kiingereza cha leo mtu akivuta kiti karibu na meza hutumia kitenzi hiki. Ukoo ukiacha nyumba na kwenda kukaa mji mwingine, hutumia hiki. Mchezaji akipeleka kete yake mbele, hutumia hiki. Mjumbe akisimama barazani na kutoa hoja ili ipigiwe kura, hutumia hiki. Na msikilizaji akiguswa moyo na habari ya huzuni hata machozi yakamlengalenga, Mwingereza hutumia kitenzi hikihiki.

Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kuyabeba yote hayo. Kinavyo kusogea na kujongea kwa mwendo mdogo; kuondoka kwa kuacha mahali; kuhama, na kwa lugha ya pwani kugura, kwa kubadili makao. Moyo huguswa, nayo hoja hutolewa. Tena Kiswahili huendelea kupambanua kwa viambishi. Anayehama huondoka kwa miguu na kwa nia yake. Anayehamia anajulikana aendako. Anayehamisha humwondoa mwingine. Na anayehamishwa huondolewa. Herufi chache tu huongezwa, lakini humweleza msikilizaji ni nani aliyeamua. Kiingereza hakina ulazima huo. Mwingereza akisema kwamba ukoo fulani "moved", na akisema kwamba Serikali "moved" ukoo huo, kitenzi hakibadiliki hata herufi moja. Msomaji hulazimika kutazama maneno yaliyo kando yake ili ajue kama watu walikwenda au walipelekwa. Na hata hali ya kutendwa ina utata wake: sentensi "they were moved" yaweza kuwa na maana kwamba watu hao walihamishwa, au kwamba waliguswa mioyo.

Utata huu ungebaki kuwa mchezo wa wanafunzi wa sarufi kama usingepata mfano wake katika Tanganyika. Wameru hukaa katika miteremko ya mlima unaoitwa kwa jina lao, ambao kilele chake kimepita mita 4,500, na mji wa Arusha uko chini ya mlima huo upande wa kusini. Wadachi walijenga boma lao Arusha mnamo mwaka wa 1900, kisha wakagawa ardhi iliyouzunguka mlima kwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini. Hata Waingereza walipokuja kutawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wameru walikuwa wamebanwa: juu yao msitu uliohifadhiwa na Serikali, chini yao mashamba ya wageni. Watu wakaongezeka, mifugo ikaongezeka, wala ardhi haikuongezeka. Upande wa kaskazini-mashariki, katika nchi kavu zaidi inayoelekea Kilimanjaro, walikuwa na malisho na makao mahali paitwapo Engare Nanyuki. Jina hilo ni la Kimasai, na maana yake ni maji mekundu.

Katika mwaka wa 1946 Serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza jinsi ardhi ilivyogawanywa katika wilaya za Arusha na Moshi, na taarifa yake ilitolewa mwaka uliofuata. Wilson aliuona uhaba wa ardhi milimani, na alipendekeza baadhi ya mashamba yaliyotwaliwa yarudishwe kwa Waafrika. Lakini alipendekeza pia kwamba nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro iwe eneo moja la walowezi wa Kizungu, lisilochanganywa na makao ya Waafrika. Kwa ajili hiyo Wameru wa mashamba nambari 31 na nambari 328 ya Engare Nanyuki iliwapasa kuondoka, na badala yake wangepewa ardhi ya Kingori. Juu ya ramani jambo hili lilionekana kuwa la haki na la nadhifu: ekari kwa ekari, kundi hili huku na kundi lile kule. Ni fikira inayofanana na ile ya mchezaji wa bao. Kete haihami, huhamishwa, wala haiulizwi.

Wameru waliuliza, nao walijibu. Walikataa kwenda Kingori, wakisema kwamba nchi ile ina joto na maradhi ya mifugo, na zaidi ya hayo kwamba nchi yao si kitu cha kubadilishana pasipo ridhaa yao. Hapo ndipo tofauti ya kitenzi ilipokuwa tofauti ya siasa. Kwa upande wa Serikali lilikuwa jambo la utaratibu, yaani watu wabadili makao kwa manufaa ya mpango mkubwa. Kwa upande wa Wameru hapakuwa na mtu aliyekuwa akihama. Katika mwezi wa Novemba mwaka wa 1951 Serikali ilituma maofisa na polisi, na kazi ikaendelea mpaka mwezi uliofuata. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa. Wengi wao hawakwenda Kingori walikoandaliwa, bali walitafuta hifadhi kwa jamaa zao mlimani, palepale palipokuwa pamejaa tangu hapo.

Wakristo wa Meru, waliopata mafundisho yao ya kwanza kwa Walutheri wa Leipzig, walikuwa na neno tayari kwa msiba wa namna hiyo. Katika Biblia ya Kiswahili kupelekwa kwa Waisraeli Babeli huitwa uhamisho. Neno hilo halitoki katika kuhama bali katika kuhamisha. Sauti ya mwenye nguvu imo ndani yake. Msomaji wa Kiswahili alisomapo habari hiyo haitaji kuelezwa kwamba Waisraeli hawakufunga safari kwa hiari.

Wameru waliichukua njia ambayo sheria ya dunia ilikuwa imewafungulia. Tanganyika haikuwa koloni kamili. Tangu mwaka wa 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikuwa imekubali kwa mkataba kuziheshimu haki za wenyeji katika mambo ya ardhi. Watu wakachanga fedha. Kirilo Japhet, Mmeru, alikwenda New York pamoja na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Katika mwaka wa 1952 shauri lao lilisikilizwa katika Baraza la Udhamini, ambalo halikuagiza ardhi irudishwe. Kisha, kuelekea mwisho wa mwaka, likasikilizwa katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Ndivyo Kirilo Japhet alivyokuwa Mtanganyika Mwafrika wa kwanza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kufika huko katika mwaka wa 1955.

Huko kitenzi kilekile kilionyesha maana zake nyingine. Wajumbe wengi waliguswa na habari za nyumba zilizochomwa. Kwa Kiingereza, sentensi iliyoweza kusimulia msiba wa Engare Nanyuki ingeweza pia kusimulia huzuni ya wale waliousikia wakiwa wamekaa vitini. Hoja ilitolewa kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao, nayo ikapita katika Kamati ya Nne. Ilipofikishwa mbele ya Baraza Kuu katika mwezi wa Desemba mwaka wa 1952, wengi waliipigia kura, lakini hawakutimia theluthi mbili zilizohitajiwa, nayo ikaanguka. Basi watu walikuwa wamehamishwa, wajumbe walikuwa wameguswa, hoja ilikuwa imetolewa. Wala ardhi haikurudi siku ile. Lakini habari ya shauri hilo ilienea Tanganyika, nayo ikawa mojawapo ya mambo yaliyowafundisha watu, kabla ya TANU kuundwa mwaka wa 1954, kwamba dhuluma ya wilaya moja yaweza kuwa shauri la nchi nzima.

Huenda mtu akasema kwamba kulitia neno katika habari hii ni kulipa heshima isiyolistahili, kwa kuwa si kitenzi kilichobomoa nyumba. Ni kweli. Nyumba zilibomolewa kwa amri na kwa mikono ya watu. Hata hivyo amri hutanguliwa na taarifa, na taarifa huandikwa kwa lugha. Lugha inayomruhusu mwandishi kutaja mwendo bila kumtaja aliyeuanzisha humpunguzia mzigo wa kujiuliza kama wale watakaokwenda wamekubali. Utata hauzai dhuluma, lakini huipatia mahali pa kukaa kimya.

Wala Kiswahili kisijisifu kupita kiasi. Kiambishi cha kutendwa hudai kuulizwa "na nani?", lakini hakilazimishi jibu. "Watu walihamishwa" ni sentensi iliyokamilika kisarufi, na mtendaji wake ameachwa nje ya mlango. Tena upo wakati ambapo Waswahili wenyewe walichagua neno lililo laini zaidi. Katika mwaka wa 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na katika Operesheni Vijiji iliyofuata hata mwaka wa 1976 mamilioni ya Watanzania waliacha makao yao. Usemi uliozoeleka ulikuwa kuhamia vijijini. Wako waliohamia kwa kweli, kwa kuamini. Wako pia waliopakiwa katika malori huku nyumba zao zikivunjwa nyuma yao, nao wakaingizwa katika kitenzi kilekile cha hiari. Madhumuni ya mwaka wa 1973 hayakuwa yale ya mwaka wa 1951, na si haki kuyafananisha. Lakini aliyesimama kando ya nyumba iliyovunjwa angetambua mara moja tofauti baina ya kuhamia na kuhamishwa, iwe bendera ni ya nani.

Kwa hiyo mwanafunzi anayefasiri kitenzi "move" asitosheke na neno la kwanza linalomjia. Na ajiulize kwanza: ni nani aliyekuwa na uamuzi? Kama uamuzi ulikuwa wa aendaye, aandike alihama. Kama ulikuwa wa mwingine, aandike alihamishwa, na amtaje aliyemhamisha. Huo si ufundi wa sarufi tu, bali ni wajibu wa mwandishi wa historia, kwa sababu hati nyingi za utawala wa kikoloni zimo katika Kiingereza, na wajukuu wa watu wanaotajwa ndani yake watazisoma kwa Kiswahili. Ngarenanyuki leo ni kata ya wilaya ya Meru, na King'ori pia ni kata ya wilaya hiyohiyo. Wameru wanakaa kote kuwili. Mtoto anayesoma huko anastahili kuambiwa kwa kitenzi kilicho sahihi yale yaliyowapata babu zake katika mwaka wa 1951: hawakuhama, walihamishwa, na aliyewahamisha ni Serikali ya Kiingereza.