Nani Alisema Tulianza na Sifuri?

Mkutano wenyewe ulikuwa wa siku moja, Dar es Salaam, lakini mimi ulinilia karibu siku nne. Ukitokea Lupaso unalala Masasi ili uwahi basi la alfajiri. Ndanda, Mtama, Mnazi Mmoja, Nangurukuru, na ukija kuiona foleni ya Mbagala ujue na siku imekwisha.

"Unaenda kufanya nini huko?" mama mdogo aliniuliza nikifunga begi.

Nikamjibu kwa lugha yetu ya kazini: ni mkutano wa watu wanaokodi.

"Mnakodi nini, mwanangu?"

Basi ndipo nikagundua kwamba kazi ninayoifanya mwaka wa sita sasa haina jina nyumbani kwetu. Nikamwambia natengeneza programu za kompyuta. Akasema haya, Mungu akutangulie.

Ukumbini mambo yalikuwa kama yalivyo siku zote: kitambulisho shingoni, vibandiko vya bure vya kupamba kompyuta mpakato, vijana wakigombea soketi za kuchajia. Mzungumzaji wa kwanza akaonyesha historia yetu kwa mstari mmoja ukutani. Mstari ulianzia 2009, mwaka ambao mkonga wa SEACOM ulitufikia kupitia baharini. Kabla ya hapo, alisema, tulikuwa sifuri. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kisha nikabaki nimekaa na lile neno.

Maana haikuwa sifuri. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia nchini mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha kwa ajili ya mahesabu. Ilikuwa kati ya yale madude ya kujaza chumba. Miaka tisa baadaye, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta pamoja na televisheni. Habari ya televisheni wengi tumeisikia, wazee huisimulia kwa kicheko. Ya kompyuta imesahaulika, hata na sisi tunaokula kupitia kompyuta.

Ni rahisi kucheka. Lakini hebu tuitazame nchi ya wakati ule. Fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu. Jaribio la kuweka hesabu za Hazina kwenye mashine lilikwenda vibaya, makarani wakarudi kwenye vitabu na kalamu. Wataalamu walioijua mashine walikuwa wengi wao wageni, kwa hiyo mambo yalipoharibika hapakuwa na watu wetu wa kutosha wa kuyafungua na kuona kosa liko wapi. Serikali ililiona tatizo la kweli. Dawa iliyochagua ndiyo iliyotuumiza: iliondoa mashine, na pamoja nayo ikaondoa nafasi ya watu kujifunza. Marufuku ililegezwa polepole kuanzia miaka ya themanini, na kijana aliyemaliza shule katikati ya kipindi hicho hakuwa na pa kuigusa.

Ndiyo maana lile neno lilinikera. Ukisema ulianza na sifuri, hakuna wa kuulizwa. Ukisema tulikuwa nazo, tukazikataa, tukarudi tena, inabidi ueleze kwa nini, na uangalie kama sababu ile bado ipo.

Hapa kijiji chetu kinaingia. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938, akasoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa magazeti kabla ya siasa. Urais aliushika kuanzia 1995 hadi 2005. Mwaka 2003 yalitokea mambo mawili chini ya serikali yake. La kwanza, sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA. La pili, daraja la Rufiji, karibu kilomita moja kwa urefu, ambalo leo lina jina lake. Daraja hakuna mtu wa kusini asiyelijua. Kabla yake, mto ukifurika magari yalipanga mstari kusubiri kivuko, na kusini tukawa kama kisiwa. Sera je? Nimeuliza watu wa Lupaso, jirani kabisa na kaburi lake. Sijapata anayeijua. Siwalaumu. Daraja unalivuka na gunia lako la korosho. Sera inahitaji mtu wa kuigeuza iwe kitu unachoweza kukishika.

Walitokea watu waliojaribu kuigeuza. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nao baadaye wakaleta Office ya Kiswahili. Zilibadilisha ofisi zetu? Ingia yoyote utazame kioo: bado ni Kiingereza. Lakini jasho la watunga maneno halikupotea lote. Neno "tarakilishi" Tanzania halikupata miguu, ingawa wenzetu wa Kenya wanalo madarasani. "Kupakua" limetembea. Unapakua wali kutoka sufuriani, unapakua wimbo kutoka mtandaoni, hakuna anayehitaji kamusi. Nadhani siri ni hiyo: lilitoka jikoni.

Masasi ilishawahi kulishuhudia jambo kama hili. Mwaka 1876 askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakapitia Lindi, wakaweka makazi Masasi. Huyu ndiye aliyekuwa na mtambo wa kuchapa Unguja, ambapo vijana waliookolewa utumwani walipanga herufi za risasi kwa mikono yao. Hadithi alizochapisha mwaka 1870 zilitoka vinywani mwa watu wa Zanzibar. Alikuwa na shughuli yake ya kidini, na mtambo ulikuwa mgeni, ila vijana waliushika na maneno yalikuwa ya watu. Tusijidanganye pia: Masasi ya siku zile ilizungumza Kiyao na Kimakua. Kiswahili nacho kilikuja kama mgeni, kikakaa mpaka kikawa cha nyumbani.

Turudi ukumbini. Jukwaani siku nzima kilikuwa Kiingereza, na kuna wazungumzaji niliowaonea huruma, unaona kabisa wazo lake ni kubwa kuliko sentensi zake. Mapumziko ya chai yakafika, watu na sambusa zao, na ghafla kila mtu akawa na akili mara mbili. Dada mmoja akatueleza, kwa Kiswahili cha mtaani, jinsi programu yake inavyotunza rekodi simuni mtandao ukikatika, na kuituma yenyewe ukirudi. Nilisogea karibu. Mimi natengeneza kitu cha karani wa chama cha msingi kuandika kilo za korosho za kila mkulima kabla hazijaenda ghalani, na mtandao wetu mnaujua. Dakika kumi zile zilinilipa nauli. Hazikurekodiwa popote.

Nilivuka Rufiji mchana wa kesho yake, kompyuta mapajani. Programu yangu nayo ilikuwa na kitufe cha Kiingereza pale mwisho, karani anapomaliza kuandika kilo. Sikuwahi hata kujiuliza kwa nini. Nikakifuta, nikaandika "Peleka".

Nyumbani nikampa mama mdogo simu ajaribu, maana korosho ni zake. Aliandika kilo taratibu, kidole kimoja. Akafika mwisho, akasoma kwa sauti, kisha akanitazama.

"Peleka wapi?"

Nikaichukua simu. Sasa kitufe kinasema "Peleka ghalani".