Kujihoji

Polisi huhoji, mwandishi wa habari huhoji, na wakili mahakamani huhoji hadi shahidi atokwe na jasho. Kitenzi hiki ni ndugu wa "hoja", chenye asili ya Kiarabu. Biblia ya Union Version ya 1952 ilikichukua katika 1 Wakorintho 11:28, Paulo anapomtaka mtu ajihoji kabla ya kuushiriki mkate na kikombe. Hiyo -ji- ndiyo yenye kazi: anayeuliza ndiye anayeulizwa, wala hakuna wakili wa kumtetea. Kujilaumu ni kitu kingine. Anayejilaumu amekwisha kujihukumu kabla ya kujiuliza lolote.

Sura hiyohiyo yasimulia kilichokuwa kikitendeka Korintho. Mmoja alikula akalewa, mwenzake akabaki na njaa, tena katika kusanyiko lilelile. Kwa hiyo, nionavyo mimi, swali la kwanza lilihusu sahani ya jirani. Siku hizi (wachungaji wanisamehe) tunajihoji zaidi kuhusu mawazo machafu na sala zilizorukwa. Mshahara wa dada wa kazi, aliyeachwa nyumbani akipika chakula cha Jumapili, hauulizwi.