Mchikichi uliowaonya wapanda misonobari

Likasi, mjini Katanga kwetu Kongo, si nchi ya michikichi. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake ni kirefu mno kwa mti unaotaka unyevu mwaka mzima. Hata hivyo sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, bila mawese, mafuta ya mchikichi, haijakamilika. Mawese yalikuwamo katika posho ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, na reli ya BCK ilipofika Ilebo mwaka 1928, Katanga iliunganishwa na Kasai, kwenye michikichi yenyewe.

Mengi tunayojua kuhusu uzazi wa mti huo yalitoka Yangambi, kando ya Mto Kongo, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC. Mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen walifumbua kitendawili cha siku nyingi: kwa nini mbegu za mchikichi bora, ule wa gamba jembamba na nyama nyingi, huzaa watoto wasiofanana? Kumbe mti huo, tenera, ni chotara. Mbegu zake zikitokana na uchavushaji wa tenera kwa tenera, nusu ya watoto humfuata mzazi, robo huwa na gamba nene, na robo hawana gamba kabisa, wengi wao wakiwa tasa. 

Likabaki tatizo moja. Mchikichi hauoteshwi kwa kukata tawi, hivyo ule unaozaa kupita wote shambani hukuweza kuupata wa pili. Katika miaka ya 1970 maabara za Uingereza na Ufaransa zikachukua vipande vya mizizi na majani, zikavilisha sukari na homoni ndani ya chupa, na miche ikatoka kwa maelfu. Ilipofikia kuzaa, baadhi ilishangaza watu. Sehemu za kiume za ua zilikuwa zimegeuka minofu iliyolizunguka tunda kama shuka, na matunda mengi yalikauka kabla ya kutoa mafuta. Mtafiti Corley na wenzake waliripoti kasoro hiyo mwaka 1986. Kromosomu zilipohesabiwa, zilikuwa kamili.

Habari hizi ziliwafikia wapanda misonobari wakati mbaya. Mwaka uliotangulia, Inger Hakman na wenzake, na Vlastimil Chalupa huko Chekoslovakia, walikuwa wamefanikiwa kupata viinitete vya sprusi wa Ulaya, mti wa jamii ya misonobari, kutoka kwenye tishu: uji mweupe, wenye utelezi, unaochipua vijiti vidogo ambavyo kila kimoja chaweza kuwa mti. Nani angethubutu kupanda msitu mzima kwa uji huo?

Tangu hapo wakawa waangalifu. Seli zikikaa muda mrefu kwenye chupa huweza kubadilika, kwa hiyo sehemu ya kila ukoo hugandishwa mapema katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, huku ndugu zake wakipimwa shambani. Vinasaba hukaguliwa pia, ingawa kukagua si kazi ndogo: urefu wa vinasaba vya sprusi ni takribani mara saba ya vya binadamu.

Mwaka 2015 watafiti wa Malaysia na wenzao walimkamata mkosaji wa mchikichi. Herufi za vinasaba zilikuwa zilezile. Kilichopotea ni alama za kemikali, methili, juu ya kipande cha vinasaba kiitwacho Karma, ambazo huiacha jeni ya ua ifanye kazi yake sawasawa. Ukaguzi wa herufi peke yake usingeiona kasoro hiyo.

Kwa maoni yangu, msonobari ni mgumu zaidi kuuchunguza. Mchikichi hulimwa kwa ajili ya tunda, kwa hiyo ulijiumbua baada ya miaka michache. Msonobari huuzwa kwa shina. Sprusi huweza kukaa miaka 20 na zaidi bila koni, na fundi anayepasua mbao hana sababu ya kuzitazama. Hata mti wa muputu wa porini karibu na Kambove, jirani na Likasi, mchoma mkaa huukata bila kuuliza kama mbegu zake zinaota.